Mikono iliyoandika Biblia isifichwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie fundisho linalosikika katika mimbari nyingi, kwamba Biblia ilishuka kutoka juu ikiwa imekamilika, na kwamba anayeuliza ni nani aliyeandika kitabu fulani, lini na kwa ajili ya nani, ana upungufu wa imani. Mimi ni Mkristo na hufundisha vijana wanaojiandaa kwa kipaimara. Fundisho hilo linanisikitisha kwa sababu Biblia yenyewe hailiungi mkono.

Luka hakusema kwamba aliandikiwa na malaika. Katika mistari minne ya kwanza ya Injili yake anaeleza kuwa wengi walikwisha kuandika habari hizo, kwamba mashahidi walioziona ndio waliozikabidhi, na kwamba yeye alichunguza kila jambo tangu mwanzo kabla ya kumwandikia Theofilo kwa mpangilio. Hiyo ni kazi ya mtu aliyeuliza na kulinganisha habari.

Sura ya 36 ya Yeremia inatufikisha hadi mezani pa mwandishi. Nabii anatamka, Baruku anaandika kwa wino katika gombo, kisha gombo hilo linasomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu akiota moto katika nyumba yake ya majira ya baridi. Kila zinaposomwa kurasa tatu au nne, zinakatwa kwa kisu na kutupwa motoni, mpaka gombo lote linateketea. Yeremia anachukua gombo jingine, Baruku anaandika upya, na sura inafungwa kwa kutuarifu kuwa maneno mengine mengi ya namna hiyo yaliongezwa. Mwandishi wa kitabu hiki hakuona aibu kutueleza kwamba gombo la pili lilikuwa refu kuliko la kwanza; kwa nini sisi tuone aibu kulisema kanisani?

Paulo naye alikuwa na mwandishi wake. “Mimi Tertio, niliyeandika waraka huu, nawasalimu katika Bwana,” tunasoma katika Warumi 16:22. Anapowaandikia Wakorintho, Paulo anasema hakumbatiza yeyote kwao isipokuwa Krispo na Gayo, mara anakumbuka kuwa aliibatiza na nyumba ya Stefana, kisha anakiri kwamba zaidi ya hao hajui. Neno la kwanza halikufutwa. Mimi napenda mno mistari hiyo, kwa kuwa unamsikia mtu akifikiri huku anasema.

Hata orodha ya vitabu ilipitia mikononi mwa watu. Vitabu 27 vya Agano Jipya, kama tulivyo navyo leo, vilitajwa na Athanasi, askofu wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367. Nakala mbili mashuhuri za Biblia zilizoandikwa kwa mkono katika karne ya nne, ya Sinai na ya Vatikani, zinaimaliza Injili ya Marko katika 16:8, wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu, na ndiyo maana baadhi ya tafsiri huweka mistari inayofuata ndani ya mabano. Vijana huyaona mabano hayo na kuuliza. Wakinyamazishwa, watatafuta jibu kwenye simu zao, na huko wataambiwa kwamba kanisa liliwaficha.

Kanisa Katoliki, kwa tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikani, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wake, la mwaka 1965 kuhusu ufunuo, lilifundisha kwamba Mungu ndiye mtunzi wa Maandiko na kwamba watu aliowateua walitumia akili na uwezo wao kama watunzi wa kweli. Mambo hayo mawili yanasemwa pamoja, bila moja kulifuta jingine.

Ombi langu kwa wachungaji, mapadre na makatekista ni kwamba vijana wasomewe utangulizi wa Luka na sura hiyo ya Yeremia kabla hawajapata kipaimara, na waruhusiwe kuuliza. Wakiuliza nani aliandika Waraka kwa Waebrania, waambiwe jibu alilolitoa Origeni, mwanazuoni wa Kikristo, katika karne ya tatu, kwamba Mungu ndiye ajuaye.

Msomaji wako,
Morogoro