Natafuta foto ya mzee mwenye kombe la bahari kifuani

Bwana Mhariri,

Kuna foto iliyotoka nyumbani kwetu Kamalondo miaka zaidi ya ishirini iliyopita, na mpaka leo haijarudi. Mgeni mmoja aliyekuwa akikusanya picha za zamani kwa ajili ya maonyesho alikaribishwa chai, akaitia foto yetu ndani ya bahasha, akamwachia marehemu mama karatasi yenye sahihi. Karatasi ninayo. Namba ya simu iliyo juu yake haipatikani tena.

Ni ndogo, inaenea kiganjani, imegandishwa juu ya kadi ngumu. Rangi ni kahawia inayokwenda manjano, kama picha nyingi za wakati ule zilizochapwa kwenye karatasi ya kupakwa ute wa yai. Nyuma pameandikwa Gomes, Zanzibar. Jina la mzee aliyepigwa picha hakuna.

Nkambo, yaani babu yetu, alituambia siku zote kwamba yule ni Mwami Msiri mwenyewe, mfalme wa Bayeke wa Garenganze, huku Katanga, aliyeuawa kwenye mji wake wa Bunkeya kwa risasi ya afisa Mbelgiji Bodson tarehe 20 Desemba 1891. Nilikua nikiamini hivyo. Lakini mimi ni fundi wa kushona, na kadiri nilivyoizoea kazi ndivyo kanzu aliyovaa mzee ilivyozidi kunisumbua. Mshono wa bega umeshuka karibu na kiwiko. Mikono inafunika vidole. Pindo limelala juu ya zulia. Kanzu ile si yake, ameazimwa palepale studio, na Mwami wa Garenganze nzima siamini angepigwa picha katika nguo ya mtu mwingine.

Kilicho chake ni kile kipande cheupe cha kombe la bahari. Kombe kama lile Msiri aliwapa machifu aliowatambua. Halikuwa pambo la kila mtu. Mzee amelitoa nje ya kanzu, akalipanga katikati ya kifua, ili lionekane. Misafara ya Bayeke ilifika pwani zote mbili, ya mashariki na ya magharibi, ikipeleka pembe za ndovu na shaba, ikirudi na bunduki, baruti na nguo. Kwangu mimi huyu ni mkubwa wa msafara, na yuko ukoo unaomjua kwa jina.

Kwa hiyo nawauliza wasomaji wa Bunkeya, Likasi na hapa Lubumbashi: je, kwenu husimuliwa habari ya nkambo aliyekwenda Zanzibar akarudi na sura yake kwenye kadi? Studio za siku zile zilikuwa zikichapa nakala kadhaa kwa mara moja. Huenda ndugu ya ile yetu imelala ndani ya sanduku la mtu. Tafadhali geuzeni foto zenu mtazame mgongoni, na muwaulize wazee wangali hai.

Na wewe uliye na ile yetu, sitaki maelezo. Iache kwenye ofisi ya gazeti hili, nitaifuata. Kona ya chini, upande wa kushoto, imekatika. Mimi ndiye niliyeikata nikiwa mtoto, nikijifunza mkasi.

Fundi wa kushona,
Komini Kamalondo, Lubumbashi