Mbwana, hatujaachana

Kwako ndugu yangu Mbwana,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, joto la Dar ndilo lile lile unalolijua, na Mama Mkubwa mguu umepata nafuu. Salamu nyingine nitazimalizia huko chini nikizikumbuka.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Umeniuliza kwa sauti ya msibani, nikajua Shaibu ameshafika. Basi nikujibu kabla habari haijavuka kwenda Pangani kwa mama mkwe: mimi na shemeji yako hatujaachana. Shaibu alikuja kwangu Kimara usiku, akanikuta peke yangu nasonga ugali, akaona hiyo inatosha. Hakuuliza. Alikula, akasifia dagaa, akapanda basi kwenda kutangaza talaka ya watu. Mwambie ile elfu ishirini yangu sasa naidai.

Na nakuandikia kwa karatasi makusudi. Sauti zangu unazifungulia kijiweni watu wote wakisikia, usibishe.

Mambo yenyewe ni haya. Shemeji yako yuko zamu ya usiku. Wenzake wodi ya wazazi wamekwenda likizo ya uzazi (wakunga nao huzaa, usicheke), ratiba ikamwangukia yeye na mpaka leo haijamwachia. Anatoka nyumbani kabla ya magharibi, mimi narudi isha imeshapita. Alfajiri natoka kwenda kumfungulia tajiri duka Kariakoo, yeye bado yuko wodini. Kitanda ni kile kile kimoja, ila tunakilala kwa zamu. Mto una harufu ya mafuta yake, mwenyewe hayupo.

Utasema simu zipo. Zipo, bwana. Ngoja nikusomee tunayoandikiana: LUKU inaishia. Maji yametoka, jaza pipa. Gesi nyepesi, usichemshe maharage. Fundi alipita, hakukukuta. Tumekuwa walinzi wawili wanaopokezana lindo. Juzi basi letu la mwendokasi lilisimama kituo cha Shekilango, na lile la kwenda mjini likasimama upande wa pili. Nikamwona dirishani, kaegemeza kichwa kwenye kioo, kalala, mdomo wazi kidogo, mkoba kaukumbatia. Nikapiga simu, hakusikia. Nikamwandikia, "Nimekuona Shekilango, umependeza." Jibu limekuja saa nne usiku: "Umenunua LUKU?"

Nilicheka peke yangu mle chumbani. Halafu sikucheka.

Si kwamba nakosa watu, Mbwana. Hii nyumba ya kupanga unaijua, ukipiga chafya chumba cha kwanza unaombewa dua chumba cha mwisho. Dukani ndiyo usiseme, wateja wa Zambia, wa Kongo, wa Komoro, nabishana bei tangu asubuhi mpaka sauti inakauka. Lakini katika maneno yote hayo hakuna hata moja langu. Ni sahani, sufuria, katoni, punguza, haipungui. Ya kwangu nayabeba mpaka nyumbani, nafungua mlango, nakuta hotpoti mezani na kikaratasi: "Mboga iko chini."

Jirani, Mama Chausiku, amenionea huruma, ananiletea chapati. Nzuri kweli. Ila ameanza kuchelewa mlangoni, kwa hiyo sasa sahani naipokelea uani mbele za watu. Hilo usimwambie Shaibu.

Kuna siku nafurahia, nisikudanganye. Naweka miguu juu ya meza, redio naifungulia mpaka mwisho, hakuna wa kuniambia nipunguze. Inadumu muda wa sigara moja hivi, na mimi sivuti.

Mpira nao umeniharibikia. Unakumbuka zile tano tulizowapiga Simba Novemba 2023, tano moja? Shemeji yako na Usimba wake alinitilia chumvi kwenye chai, na mimi nikainywa yote huku naimba. Wiki nzima raha. Juzi Yanga tumeshinda, nikashangilia kibanda umiza, nikakumbatiana na jitu silijui hata jina, linanuka jasho. Nikarudi mbio nyumbani na maneno yangu ya kumchokoza nimeyapanga, nafika getini ndiyo nakumbuka kwamba hayupo. Ushindi usio na wa kumkera una ladha gani? Nikamwandikia matokeo. Akajibu asubuhi: hongereni.

Hongereni, Mbwana! Mtu ambaye alikuwa akisikia neno Yanga anatoka na sahani yake kwenda kulia nje.

Na zile hadithi zake za wodini sizipati tena. Zamani akirudi jioni ananisimulia huku anamenya vitunguu: mama aliyemtukana mumewe kwa lugha mbili, bibi aliyeleta uji wa ndoo nzima. Sasa anazimaliza njiani, au analala nazo. Jumapili nipo nyumbani, lakini yeye ndiyo saa yake ya usingizi. Nafulia uani polepole, sufuria naziweka chini moja moja, watoto wa watu nawafukuza na mpira wao. Akiamka jioni macho mekundu, tunatazamana kidogo, halafu namwuliza kama maji yametoka. Mimi ndiye ninayeuliza hivyo! Ya maana yote yameniruka.

Ndiyo maana nimekufikiria wewe. Ulivyokuwa baharini miaka ile, mama Zuwena alikuwa anafanya nini jioni? Aliwahi kukwambia, au alikunyamazia? Na ukirudi mlikuwa mnaanzaje kuongea, nani alianza, mnaanza na lipi? Mlikuwa wageni kwa muda gani? Usiniambie "mambo ya kawaida", niambie hasa. Mwulize na mwenyewe, ila asijue ni mimi ninayeuliza. Zuwena amefaulu? Ule mtumbwi uliuza au bado unaubembeleza? Na yule wa Chumbageni ameoa kweli au ni maneno ya Shaibu tena?

Barua hii anakuletea mtoto wa Bi Mwana. Jibu mpe yeye Jumatano kabla hajapanda basi, na kama una ng'onda nzuri tia kidogo, shemeji yako anazipenda.

Wako,
Saidi