Kabla ya Kongamano

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima wa afya, nami sijambo. Barua yako nimeisoma kwa makini, hasa pale unapoeleza azma yenu ya kuzindua harakati za kuwaunga mkono wanawake wajasiriamali kwa kongamano kubwa. Nia ni njema, ila utaratibu unanitia shaka. Kongamano likishafungwa na mgeni rasmi akaenda zake, mwanamke mwenye cherehani moja huamkia shida ile ile: mtaji hana, na mkopeshaji anamdai hati ya nyumba iliyoandikwa jina la mumewe.

Tazameni walivyoanza wanawake wa SEWA, chama cha wanawake waliojiajiri kilichoasisiwa na Ela Bhatt mjini Ahmedabad, India, mwaka 1972. Walikuwa wachuuzi, wabeba mizigo na washonaji wa majumbani, watu ambao benki hazikuwa na habari nao. Mwaka 1974 wanachama 4,000 walichanga rupia 10 kila mmoja, wakaanzisha benki yao wenyewe; na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma wala kuandika, kitabu cha akiba kilibandikwa picha ya mwenyewe. Fedha ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yao, na hakuna mfadhili ambaye angeondoka nayo. Vikundi vyenu navyo vianze hivyo, kwa akiba na kukopeshana, sanduku likiwa na kufuli tatu na funguo zake zikishikwa na wanachama watatu tofauti. (Mweka hazina asiwe mmoja wao, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.)

Wakishazoea kukutana, ndipo watakapokuwa na nguvu ya kudai sheria zibadilike. Hata Marekani, baadhi ya majimbo yaliruhusu mwanamke anayeomba mkopo wa biashara adaiwe sahihi ya jamaa wa kiume, mpaka sheria ya mwaka 1988 ilipolifuta sharti hilo. Halikufutwa na semina za kutunza hesabu, bali na wanawake wenye biashara waliojipanga wakaenda kutoa ushahidi bungeni.

Kuhusu mafunzo sina mengi: yawe mafupi, yafanyike saa ambazo biashara imepoa, na apatikane mtu wa kuwaangalia watoto.

Naomba unitumie rasimu ya katiba ya vikundi kabla hamjaipitisha. Ningependa kuona mmeandika nini juu ya mwanachama anayechelewesha marejesho kwa sababu ya uzazi au ugonjwa.

Wasalaam,
Rafiki yako