Pikapu kuvuta si shida, shida ni tela lisilo na breki

Mhariri,

Kila msimu wa viazi, pikapu zinazokokota tela huongezeka kati ya Njombe, Makambako na Iringa, na nyingine huendelea mpaka kuushuka Mlima Kitonga kuelekea Mikumi. Muulize dereva kama hajazidisha, atakujibu kuwa injini inavuta. Na kweli inavuta. Hilux ya dizeli itaondoka ikikokota tani tatu bila kukohoa. Ila injini haijawahi kulisimamisha tela mteremkoni kwa ubavu wake peke yake, na hapo ndipo naomba nafasi katika safu yako.

Kitabu cha gari kina namba mbili za kuvuta. Ya kwanza inajulikana kila kijiwe: Hilux za dizeli za miaka ya karibuni nyingi zimeruhusiwa hadi kilo 3,500, za zamani pungufu ya hapo. Ya pili hakuna anayeitaja. Tela lisilo na breki zake lenyewe linaruhusiwa kilo 750, basi. Na hizo 750 ni pamoja na chuma cha tela. Tuseme tela lako la kuchomelewa mtaani, sakafu mita tatu, lina kilo 500 likiwa tupu. Zimebaki 250, yaani magunia mawili na nusu ya kilo mia mia. Sasa hesabu mwenyewe ni matela mangapi ya mtaani yenye breki, na yanabeba magunia mangapi.

Gunia nalo lina mambo yake. Sheria ya vipimo inataka lisizidi kilo 100, lakini lumbesa, yaani kujaza gunia kupita mdomo wake, haijafa. Gunia lililovishwa kilemba linafika 130 bila shida. Anayepakia magunia 15 anaamini amebeba tani moja na nusu, kumbe amekaribia mbili. Afadhali saruji, mfuko ni kilo 50 na hauongezwi kichwa. Maji ni lita moja kilo moja, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 lililojaa ni tani kamili, tena inayotembea. Mizani za barabara kuu zisikupe moyo. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito inalenga magari ya kuanzia tani tatu na nusu, hivyo pikapu nyingi hupita bila mtu kuuliza. Mizani yako ni ile ya jukwaa iliyopo kwenye ghala la mnunuzi wa mazao. Pima gunia moja moja kabla halijapanda, utashangaa.

Mafundi wenzangu wa kuchomelea, hapa nasema na ninyi. Ekseli (mhimili wa magurudumu) nyingi nazoziona zimewekwa katikati kabisa ya sakafu, kwa sababu ni rahisi kupima na tela linasukumika kwa mkono mmoja. Tela la hivyo halina mzigo wa shingo, yaani uzito unaokandamiza pale linaposhikana na gari. Shingo inatakiwa ibebe kama asilimia 10 ya uzito wote wa tela na mzigo wake. Kwa sakafu ya mita tatu na shingo ya mita 1.2, ekseli ikirudi nyuma ya katikati kwa sentimita 30, mzigo uliosambazwa sawasawa unaleta asilimia 10 hiyo hiyo. Sentimita 30 hazikuongezei gharama yoyote.

Ekseli ikiwa mahali pake, bado mpakiaji anaweza kuharibu. Chukua magunia kumi ya kilo 100 yaliyopangwa sawasawa: shingo imepata kilo 100. Hamisha mawili kutoka mbele kuyapeleka mita mbili nyuma, labda kwa sababu yatashushwa kwanza njiani. Shingo imepoteza kama kilo 133, zaidi ya zile 100 ulizokuwa nazo. Kinachoizuia isinyanyuke ni uzito wa chuma chake tu, na matairi ya nyuma ya pikapu yameanza kuwa mepesi. Tela la namna hiyo litaanza kutikisa mkia ukifika kasi fulani, na kila mtikisiko unaulisha unaofuata. Ndiyo maana wanaoshusha njiani wanapaswa kupanga upya mzigo uliobaki, kazi ya dakika kumi ambayo utingo huichukia kuliko zote.

Kuzidisha mbele nako kuna madhara yake. Tufe la chuma la kuvutia liko nyuma ya ekseli ya pikapu, hivyo linafanya kazi kama mtaimbo. Kwenye gari lenye mita 3.1 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, tufe likiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, kilo 150 za shingo zinaongeza kama 208 kwenye ekseli ya nyuma na kunyanyua 58 kutoka magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona. Kilo hizo 150 zinahesabiwa pia kwenye mzigo wa pikapu yenyewe, pamoja na abiria na magunia ya kwenye bodi. Kuupima mzigo wa shingo ni rahisi: tela likiwa limepakiwa na liko sawa na ardhi, weka kabari kwenye matairi, kisha tua shingo juu ya mizani ya jukwaa kwa kigogo chenye urefu uleule wa kimo cha tufe.

Kwenye maungio, kosa la kawaida ni tufe la saizi moja na kikombe cha tela kinacholifunika cha saizi nyingine. Yapo matufe ya milimita 50, na yapo ya Kimarekani ya inchi moja na saba juu ya nane, ambayo ni kama milimita 47.6. Hilo la pili likiingia kwenye kikombe cha 50 linafunga vizuri tu, mpaka shimo la kwanza la maana, ndipo kikombe kinapochomoka. Ukishafunga, nyanyua shingo kwa jeki mpaka mgongo wa pikapu uinuke kidogo. Kama kitaachia, kiachie hapo uani. Tufe lishikwe kwenye chesisi, lisichomelewe kwenye bampa. Minyororo iwe miwili na ipishane chini ya shingo, ili shingo ikianguka idakwe isichimbe lami. Kulabu za nondo hazifai, zinanyooka. Tumia pingu za chuma zenye pini ya kukaza.

Breki za tela ziko za aina mbili zinazopatikana kwetu bila taabu kubwa. Ya kwanza hukazwa na tela lenyewe linapoisukuma pikapu: shingo inaingia ndani, inavuta waya, breki zinashika. Haihitaji umeme, ila ina tabia mbili za kuzijua. Ukirudi nyuma hushika pia, isipokuwa ina kitenguzi cha kuziachia. Na mteremkoni, gari likizuiwa kwa gia, tela linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zinasugua muda wote. Aina ya pili ni ya umeme, ina kidhibiti ndani ya gari na kitufe cha kushikisha breki za tela peke yake. Ni ghali zaidi, na mimi ndiyo ningeinunua. Yoyote utakayochagua, uwepo waya wa dharura unaovuta breki za tela likikatika, na ufungwe kwenye chesisi, usizungushiwe tufe.

Kitonga sasa. Gia inapunguzwa juu, kabla ya kuanza kushuka, ukiwa bado mwendo mdogo. Ukingoja mpaka tela lianze kusukuma umechelewa, na anayejaribu kubadili gia katikati huishia nyutro akiwa na tani tatu nyuma yake. Kanyaga breki kwa uthabiti mpaka mwendo upungue vya kutosha, kisha achia kabisa zipoe; mguu usilale pale. Breki zilizopata moto hupungua kushika, na mafuta yake yakichemka yanatoa mvuke unaobonyezeka, ndipo kanyagio linazama hadi chini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani na kuchemka mapema zaidi, hivyo yabadilishwe kila miaka miwili hata kama yanaonekana masafi. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta pa kusimama salama, na usimwagie magurudumu maji.

Tela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usijibu kila mtikisiko. Kama una kitufe cha breki za tela, kibonyeze hicho peke yake. Breki ya pikapu ikikanyagwa kwa nguvu, gari linapungua na tela linaendelea kuja, hapo ndipo linapojikunja. Vijiweni wanafundishana kukanyaga mafuta ili linyooke. Mteremkoni ushauri huo unakuongezea kasi iliyoleta shida. Kutoka 60 kwenda 80 kwa saa, nguvu ya kuzimwa na breki inaongezeka kwa karibu asilimia 78.

Kamba ya manila inalegea viazi vikishajipanga. Simama baada ya kilomita kama 20 ukaze upya. Kwa mashine, jenereta au mabomba, tumia mikanda ya racheti yenye lebo ya uzito, na ufungaji uweze kuzuia asilimia 80 ya uzito wa mzigo usiende mbele, na 50 kwa pembeni na nyuma. Mkanda uliofungwa fundo hauna tena nguvu iliyoandikwa.

Kituo hicho hicho cha kilomita 20, gusa habu za tela, yaani vitovu vya magurudumu, kwa mgongo wa mkono. Zote zikiwa na joto sawa, endelea. Moja ikikuunguza, ama beringi imekazwa kupita kiasi au imeishiwa grisi, ama breki imeganda. Nati za tairi lililotoka kufungwa zikazwe tena baada ya kilomita 80 hivi. Ukiwasha indiketa taa zote za tela zikapepesa pamoja, usihangaike na balbu, ni ethi, yaani waya wa kuunganisha na chesisi haugusi vizuri.

Ombi langu kwa wanaotengeneza matela na wanaoyakagua ni dogo: kibati kimoja kilichopigwa chapa shingoni, kinachosema tela tupu lina kilo ngapi, linaruhusiwa jumla ya kilo ngapi, na kama lina breki au halina. Mpakiaji wa Makambako hawezi kuyajua hayo kwa kulitazama.

Fundi wa matela,
Makambako