Tumchangie Maalim wetu akapigwe picha ya ubongo

Assalaam alaykum, ndugu zetu mliosoma chuoni kwa Maalim hapa Wete, mlioko Pemba, Unguja, Bara na Maskati.

Mnaukumbuka mwandiko wake ubaoni, alifu zimesimama kama minazi. Siku hizi anaanza mstari kwa herufi kubwa, na kabla hajaumaliza zimekuwa ndogo kama ufuta. Mkono wa kulia unatetemeka ukiwa umetulia pajani. Akinyanyua chaki unapoa. Kwenye kizingiti cha msikiti miguu inaganda, mpaka apatikane wa kumshika mkono.

Tuliambiwa ni uzee. Ikasemwa ni mashetani. Pahala pengine akapewa dawa za baridi yabisi, akazila miezi na miezi. Sasa daktari aliyemkagua kwa utulivu anashuku Parkinson, ugonjwa ambao chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuongoza mwendo wa mwili, hufa kidogo kidogo. Lakini Maalim ana presha ya siku nyingi, na viharusi vidogo vidogo, au maji yaliyozidi kichwani, navyo humfanya mtu atembee vivyo hivyo. Maji hayo madaktari wa upasuaji huweza kuyatoa kwa mpira. Ndiyo sababu ameandikiwa kipimo cha MRI, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, Dar es Salaam.

Tuambiane mapema, asije mtu akanung'unika baadaye: MRI ya mgonjwa wa Parkinson mara nyingi hutoka safi. Ikitoka safi, pesa hazikupotea. Tutajua si viharusi wala maji ya kichwani, na daktari ataweza kumwanzishia levodopa, dawa ya Parkinson, bila ya kubahatisha. Parkinson hutambuliwa kwanza kwa macho na mikono ya daktari, picha humsaidia.

Wapo waliouliza habari za DaTscan, kipimo kilichoidhinishwa Ulaya mwaka 2000 na Marekani 2011. Mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi kidogo, ikaenda kushika pale dopamini inapofanya kazi. Kwa mtu mzima wa afya hutokea mfano wa herufi wau mbili. Kwa mwenye Parkinson mikia hufutika, vikabaki vichwa. Sisi tuliosoma chuoni hatuhitaji kuelezwa zaidi. Ila nguvu ya dawa hiyo hupungua nusu kila saa 13, haiwekeki akiba, na kipimo chenyewe hakitenganishi Parkinson na baadhi ya magonjwa yanayofanana nayo. Hicho hatukichangii.

Tunatafuta shilingi 1,800,000, za kipimo, meli kutoka Mkoani, boti ya Dar, na malazi ya Maalim na mwanawe. Mpeni mshika fedha wetu baada ya sala ya Ijumaa. Walio mbali wawatumie jamaa zao waliopo hapa. Mwenye nazi au karafuu alete, tutauza.

Na jambo moja zaidi, hili halina gharama: daktari anataka kuona mwandiko wake wa zamani aulinganishe na wa sasa. Aliye na karatasi yoyote aliyoandikiwa na Maalim, hasa yenye tarehe, tunaiomba kabla ya safari.