Swali la usiku wa manane tuulizwe mchana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na madaktari na wauguzi wanaotibu watoto wenye maradhi mazito, na wazazi wenzangu pia.

Mimi ni fundi samani Keko, nyumbani ni Mbagala. Mwaka juzi tulimzika mwanetu wa kwanza akiwa na miaka 11. Alikuwa na saratani, tukamuuguza miezi 14. Dawa alipata na wauguzi walimpenda; kwa hilo nawashukuru. Kinachoniuma ni usiku mmoja tu. Hali yake ilibadilika ghafla, na daktari wa zamu, ambaye hakuwahi kumwona kabla, akamkuta mke wangu peke yake koridoni akamuuliza: awekwe kwenye mashine ya kupumulia au asiwekwe? Ilikuwa saa nane usiku. Mimi nilikuwa nyumbani na wadogo zake, maana wodini analala mama tu, na simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Mama wa watu akajibu alivyojibu. Mtoto alifariki siku mbili baadaye, na mpaka leo wapo ndugu wanaomuuliza kwa nini alisema vile. Halali vizuri.

Swali lile tulistahili kuulizwa miezi mingi nyuma, mchana, tumekaa wote wawili, na daktari aliyemjua mtoto. Nadhani daktari huyo alituonea huruma, ndiyo maana hakutuuliza. Na sisi wenyewe tunaogopa kumchuria mtoto, tukiamini ukikitaja kifo umekiita. Hata mimi ningekasirika mwanzoni. Lakini mzazi anayelala sakafuni kando ya kitanda cha mwanawe anaona kila kitu. Hofu anayo tayari. Akinyamaziwa anabaki nayo peke yake.

Wapo watakaosema huku ni kukata tamaa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, kwa mtoto huanza siku ugonjwa unapogundulika, na huendelea hata akiwa anapewa dawa za kumponya. Uingereza, mwongozo uliotolewa mwaka 2016 unataka mpango wa huduma ya mtoto uandikwe mapema pamoja na wazazi na mtoto mwenyewe, upitiwe tena mara kwa mara, na wote wanaomhudumia waupate.

Kwetu karatasi moja ingetosha kuanzia. Iandikwe ugonjwa wake, dawa zake, kiasi cha mofini akishikwa na maumivu, nani apigiwe simu, wazazi wamekubali nini na nini hawataki, na kwamba ruhusa ya kubadili mawazo wanayo siku yoyote. Nakala ikae kwenye faili, nyingine mzazi aende nayo pamoja na kadi ya kliniki. Mtoto akizidiwa usiku huku Mbagala unapanda bajaji kwenda hospitali ya jirani, na faili lake liko mjini. Unaanza kueleza historia nzima upya huku mtoto analia. Na siku ya kikao cha kuandika karatasi hiyo baba aitwe, hata ikibidi kusubiri atoke kazini. Sisi akina baba tunaletewa habari nusu nusu kwa simu, halafu tunakuja kuulizia maamuzi yaliyokwisha kufanyika.

Mtoto naye asikilizwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto anayeweza kutoa maoni haki ya kusikilizwa katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Mwanetu alimwambia shangazi yake wodini kwamba anataka kwenda kulala kwa bibi yake Mkuranga, kule kwenye mikorosho. Shangazi aliogopa kutuambia, akalitoa baada ya arobaini. Kutoka Rangi Tatu hapa Mbagala hadi Mkuranga ni gari moja tu. Tungempeleka.

Baba wa watoto watatu,
Mbagala, Dar es Salaam