Wampime macho kwanza

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Akinyi mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma mara tatu nikiwa kwenye foleni ya maji, na ile alama ya akili aliyopewa mwanao Baraka ikanikwama kooni: 78. Mtu anakaa naye dakika arobaini akimpima akili, anamwandikia tarakimu mbili, kisha shule inakwambia haina nafasi ya mtoto wa kiwango hicho. Nimeona nikuandikie barua nzima, maana kwa simu ningelia.

Nikusimulie nilichokiona Aprili alipokuwa hapa likizoni. Aliomba waya kwa fundi wa jua kali aliye nyuma ya ploti yetu, akaanza kuunda matatu ya kuchezea. Hakuchora popote. Alipinda fremu, akaipima kwa kiganja, akaona upande mmoja umezidi, akaukunjua na kuanza upya bila kuambiwa na mtu. Magurudumu aliyakata kwenye ndara iliyochakaa. Usukani aliufunga kwenye kijiti kirefu ili aendeshe akiwa wima. Ilipogoma kukata kona, alikaa kimya karibu saa nzima, halafu akalegeza fundo moja tu la mbele. Ikakata kona. Nimefundisha hesabu darasa la nne miaka kumi na sita, Akinyi. Mtoto anayefikiri namjua nikimwona.

Mwanasaikolojia Robert Serpell aliwahi kuwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza maumbo wayaige. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, Wazambia wakawapita. Kwa udongo wakatoshana. Matokeo yalichapishwa 1979. Angewapa karatasi peke yake, tungeambiwa nini kuhusu wale Wazambia?

Na huko kwenu, pale Usenge, mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake waliwauliza watoto kuhusu dawa za mitishamba, ipi inatibu nini. Waliozijua vizuri zaidi ndio walioelekea kupata alama za chini kwenye majaribio ya msamiati. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba Mjaluo ana maneno manne kuhusu akili: rieko (maarifa na ustadi), luoro, paro na winjo. Basi watafiti hao walikuta kwamba majaribio ya shuleni yanaenda sambamba na rieko tu. Heshima ya mtoto (luoro), kujituma kwake (paro), na kujua jambo linashikwa wapi (winjo), karatasi haikuviona.

Sisemi kupima ni kubaya. Wafaransa Alfred Binet na Théodore Simon walipotunga jaribio lao la akili Paris mwaka 1905, walitaka watoto wanaolemewa darasani wajulikane ili wasaidiwe. Na Binet alikataa katakata kwamba akili ya mtoto ni kiasi kisichobadilika. Tazama Embu, hapa Kenya: watoto waliopimwa akili 1998 walipata alama za juu kwa mbali kuliko wa rika lao waliopimwa 1984. Miaka kumi na minne tu! Watafiti walitaja lishe, afya na elimu ya wazazi. Kinachoniuma ni kwamba kipimo kilichozaliwa ili kufungua mlango, wewe umefungiwa nacho.

Kwa hiyo rudi pale shuleni, uulize kwa upole. Alipimwa kwa lugha gani? Kama ni Kiingereza, nani alimweleza maswali? Alikuwa amekula?

Kuna jambo jingine ambalo sikulitilia maanani siku ile. Kila alipofunga fundo, Baraka aliileta waya hadi puani, kichwa akikiinamisha upande wa kushoto. Nilidhani ni umakini. Tangu jana nawaza: kama ile karatasi ilikuwa na michoro midogo midogo, je, aliiona? Mtu asimpime tena akili kabla hajapimwa macho.

Njoo naye Ijumaa. Nauli nitatuma kwa M-Pesa, na nitawapokea steji hata basi likifika usiku. Mwambie matatu yake bado iko juu ya kabati, na watoto wa jirani nimewakataza kuigusa.

Wako,
Nyambura